Ukungu Usiozunguka

Mama Eliana wa Utemini ana maneno mawili ya kuhukumia vifaa, nami Antipasi, ninayembeba kwa pikipiki kutoka zahanati hadi zahanati, nayajua kama gia zangu. Akisema kifaa "kimekufa", usihuzunike. Ataketi nacho, kitafufuka. Akisema "kimechoka", basi, kimekwisha, kitafutiwe kabati. Yeye ni fundi wa kutengeneza na kurekebisha vifaa vya kupimia: darubini za maabara, mita za umeme, mashine za kupima unyevu wa alizeti. Jina lake la ubatizo ni Agripina, lakini ukimwita hivyo hageuki.

Ana sharti moja linaloudhi. Habandiki kile kibandiko cha kijani cha IMEPIMWA mpaka aone kwa macho yake mwenyewe. Bwana mmoja wa kiwanda cha kukamua mafuta aliwahi kumwambia abandike tu, mashine ameshaijaribu yeye. "Basi bandika sura yako hapo," akamjibu, tukaondoka hata chai hatujanywa. Mwenye njaa nilikuwa mimi.

Juzi tuliitwa zahanati moja kule mbele ya Kinyangiri. Tulifika vumbi hadi kwenye meno. Hezekia wa maabara ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini siku hiyo alikuwa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Shikamoo, Mama Eliana."

"Marahaba. Umemfanya nini huyu?" Darubini huitaja kama mtu.

Hezekia akaeleza huku anatazama sakafu. Yale mafuta maalumu ya kudondosha kwenye kioo cha makohozi, ili vijidudu vya kifua kikuu vionekane, yaliisha. Aliagiza, hayakuja. "Nikasema mafuta ni mafuta, mama. Nikatia ya alizeti."

Sikumlaumu. Huku kwetu kila nyumba ina dumu la alizeti, angefikiria nini kingine? Tena mwanzoni yalifanya kazi vizuri. Kisha yakakaukia kwenye lenzi yakawa gundi, na tangu hapo wenye kikohozi wanatumwa Iguguno kupimwa. Wazee wengine hawaendi. Wanarudi kukohoa nyumbani, katikati ya watoto.

Mama Eliana alifungua lenzi, akaitia dawa, akafuta kwa karatasi laini, akafuta tena. Nilisinzia kwenye benchi. Nilipozinduka bado anafuta. Akatazama, akashusha pumzi.

"Ukungu upo vilevile."

Hezekia alitaka kulia. Nami nilijua kinachofuata: kibandiko chekundu cha vifaa vilivyochoka, na zahanati ibaki hivyo hivyo.

Ndipo Mama Eliana akafanya wafanyavyo mafundi wa lenzi kutafuta uchafu ulipo. Unazungusha kioo kimoja kimoja huku unatazama. Uchafu ukizunguka nacho, basi umo humo. Akazungusha kioo cha juu, cha kuwekea jicho. Ukungu haukuzunguka. Akazungusha lenzi ya chini. Haukuzunguka. Akasogeza kile kioo cha makohozi. Wapi. Akainua kichwa, akaziba jicho moja, akatazama dirishani, akaliachia, akaziba la pili, akatazama tena.

"Hezekia, njoo utazame wewe."

Hezekia akainama. "Mama! Mbona safi kabisa? Naviona na vijidudu, vijiti vyekundu hivi hapa. Mzee mwenye makohozi haya anaumwa kweli, aanze dawa leo leo."

"Una hakika?"

"Naviona kama ninavyokuona wewe."

Mama Eliana alitoa kibandiko cha kijani, akakishika kwa muda. Halafu akampa Hezekia. "Bandika. Wewe ndiye uliyeona."

Nilitamani nitoke nje. Nilikuwa nimeshamsikia njiani akiniuliza lile kundi mbele ni ng'ombe au watu, nikadhani ananitania.

Tulipofika Iguguno tulisimama kwenye kibanda cha chai kunyoosha miguu. Akasema, "Nimechoka, Antipasi."

"Pole, mama. Tunywe chai kwanza."

"Siyo uchovu wa njia. Nimechoka kama ninavyosemaga mimi."

Nilikasirika, na machozi yakanilenga. "Mama Eliana, umewahi kuona mashine inajibandikia kibandiko yenyewe? Si mpaka ipimwe na mwingine? Kesho nakupeleka kwa daktari wa macho, aseme yeye kama umekufa au umechoka!"

Watu wa pale kibandani waligeuka kututazama. Yeye alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu.

"Na akisema nimechoka?"

Nilipiga kiki, akapanda. Lile sanduku la vifaa, ambalo miaka yote hulipakata mwenyewe kwa kutouamini mpira wangu wa kufungia, safari hii aliniachia nilifunge nyuma.