Zege la Kaburi la Mama

Juzi pale sokoni Mwanjelwa nilimkuta fundi akianika misalaba ya zege, na harufu ya saruji mbichi ikanirudisha utotoni, kijijini Idodi, mchana wa kuamkia Pasaka. Kwetu makaburi yalisafishwa Jumamosi, ili alfajiri tukawaimbie marehemu kwamba Bwana amefufuka.

Mwaka ule baba alikuwa akijengea kaburi la mama. Alimwaga zege ambalo hata tembo wote wa Ruaha wasingelitikisa. Nikaanza kulia.

"Baba, ukiziba hivyo mama atatokaje kesho?"

Shangazi aliacha kupalilia. "Ya kesho ni ya Yesu, mwanangu. Sisi wengine tunangoja mpaka atuite wote."

"Na zege je?"

"Kaburi la Bwana lilizibwa kwa jiwe, tena na askari wakalinda. Lilimzuia? Sembuse zege la kaka yangu, mchanga mtupu."

Baba hakucheka. Alikaa juu ya tofali, amechoka kama mtu aliyelima Iringa nzima peke yake.

"Dada, siku hiyo mama yake huyu atatujua kweli?"

Shangazi aliyarudia magugu yake. Mimi nikadhani siku yenyewe haiko mbali, nikamwahi kujibu.

"Atatujua, baba. Hatujabadilika."

Sasa nina cheti cha masomo ya jioni ya Biblia, na ufufuo wa mwili naweza kuueleza mpaka kuku walale. Nimempita mama umri, kichwa kina mvi. Nikitoka kazini hoi, zege halinisumbui tena. Linalonisumbua ni swali la baba.