Kwa Nini Tulifungwa Mipira ya Juu

Mume wangu alikuwa beki namba tano na nahodha wa timu ya mtaa wetu, hapa Bagamoyo, tangu hajanioa. Mtu akiniuliza kwa nini nilikubali posa ya seremala ambaye hata kitanda chake mwenyewe alikuwa hajakimaliza kukipiga randa, namwambia aende kumuuliza mama yangu. Mimi nilikuwa nimeshamwona akiruka kupiga kichwa uwanjani na akili yangu iliishia palepale. Haya, hayo ni ya zamani. Ninachotaka kusimulia ni Jumapili moja, si ya zamani sana, wanaume wakiwa nje barazani na mimi ndani, tulipokuwa tunatafuta sababu ya timu kufungwa.

Mtaani kwetu timu ikishinda watu hushangilia hukohuko uwanjani, kila mtu akashika njia yake. Ikifungwa, kesho yake asubuhi hukusanyika kwenye baraza la nyumba yetu, kwa kuwa baba mkwe wangu ndiye aliyeianzisha timu na baraza ni pana. Kahawa napika mimi. Wao wanatandika mkeka, wanapanga vikombe kumi na kimoja vya kahawa juu yake, kila kikombe mchezaji wake, na vipande viwili vya kashata ndiyo milingoti ya goli. Halafu wanaanza: huyu alikuwa hapa, yule alikwenda kule, mpira ulitokea huku. Mwisho wa yote, aliyeonekana ndiye chanzo cha balaa kikombe chake kinafunikwa, mdomo chini. Ukifunikiwa kikombe mechi ijayo huchezi, na mtaani unapita umeinamisha kichwa.

Cherehani yangu iko dirishani, upande wa pili wa ukuta wa baraza. Mimi ni fundi nguo, na jezi zote za timu nazishona na kuzitia viraka mimi. Nasikia kila neno linalosemwa pale nje, na wao wanajua nasikia, ila wanajifanya hawajui.

Basi, Jumamosi tulikuwa tumefungwa na vijana wa Makurunge, mbili kwa moja, bao la pili likiingia mwamuzi ameshaanza kutazama saa. Mabao yote mawili yalikuja kwa mipira ya juu kutoka upande wetu wa kushoto. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya goli na kanga yangu kichwani. Bao la kwanza, krosi ilikuja, mume wangu akaruka mapema, mpira ukapita juu ya utosi wake. Nikasema, ah, bahati mbaya. La pili likaja vilevile. Akaruka, akapiga kichwa hewa tupu, mpira ukamwendea mtu wa Makurunge nyuma yake, akausukuma kwa goti. Kipa wetu hakutoka golini. Alisimama tu, mikono imening'inia, akimwangalia nahodha wake.

Kipa huyo si mtu wa hapa. Kwao ni Ubena, kule barabara kuu. Alikuja Bagamoyo kuendesha bodaboda, mume wangu akamwona akidaka mpira na watoto pwani, akamleta kwenye timu, akampa na chumba cha uani kwetu. Ananiita dada. Chakula cha usiku anakula kwangu, na samaki akiwa na miba mingi analalamika kama mtoto. Nampenda, basi tu.

Asubuhi ile ya Jumapili wakaja wote. Alikuwepo mzee fundi baiskeli, ambaye hajawahi kugusa mpira maishani mwake lakini kwa maneno ameshacheza kila nafasi. Alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, ndiye kocha wetu. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye misa ya kwanza na shati lake limepigwa pasi vizuri. Walikuwepo washabiki kama kumi hivi. Kipa alikaa mwisho kabisa wa baraza, kandambili zake amezivua, anatazama vidole vya miguu.

"Shikamoo mzee," nikamsalimu fundi baiskeli kupitia dirishani.

"Marahaba mwanangu. Leo kahawa iwe chungu, tuna msiba."

Wakapanga vikombe. Nikachungulia. Jamani! Kikombe cha namba tano wamekiweka mahali pake hasa, mbele ya goli katikati, penyewe kabisa, utadhani mume wangu jana hakukosea hata hatua moja. Wakamlaumu beki wa kushoto kwa kuachia krosi. Wakalaumu mchanga wa uwanja. Wakalaumu jua, eti lilikuwa machoni, wakati jua lilikuwa mgongoni kwao. Mwalimu akasema tatizo la safu yetu ya ulinzi ni mawasiliano, na watu wote wakaitikia, mawasiliano, mawasiliano, bila kuuliza nani hakuwasiliana na nani. Kikombe cha namba tano kilikaa palepale, hakuna aliyekigusa. Wapo kwenye baraza lake, wanakunywa kahawa yake, ni nahodha wao wa miaka yote. Watu wa hapa hatuna ubavu wa kumwaibisha mtu kwake. Ni heshima, najua. Lakini siku ile heshima ile ilinikera mpaka nikakata uzi.

Na ilinikera kwa sababu mimi nilikuwa na langu moyoni.

Tangu tuoane, kunitungia uzi kwenye sindano ilikuwa kazi yake. Si kwamba mimi siwezi. Ni mchezo wetu tu. Akirudi karakana anakaa pembeni yangu, analamba ncha ya uzi, anafumba jicho la kulia, na uzi unaingia mara moja, kisha ananidai kikombe cha chai. Mwaka juzi kibanzi cha mninga kilimrukia jicho la kushoto. Liliuma siku mbili tatu, likapoa, tukasahau. Baada ya Ramadhani iliyopita nikamwona anapiga uzi pembeni ya tundu. Mara ya kwanza nikamcheka. Mara ya pili sikucheka. Nikamtazama vizuri jichoni, nikaona kiini kimeanza kuwa cheupe.

Unadhani nilisema? Mimi huyu, mwenye mdomo unaojulikana mpaka sokoni kwa wauza samaki, nilinyamaza. Nilichofanya ni kutunga sindano zote mchana, yeye akiwa kazini, za uzi mweusi, mweupe na mwekundu, nazichomeka kwenye kimto changu. Akija jioni namwambia, leo sina kazi ya uzi, pumzika baba. Naye anasema haya. Nilijiambia namlinda. Akiacha mpira atabaki na nini? Wallahi nilijiuliza hivyo, kama kwamba mimi na watoto si kitu.

Sasa huko nje mzee fundi baiskeli akakohoa kile kikohozi chake cha kutoa hukumu.

"Mimi nitasema ukweli," akasema. "Bao la pili kipa alisimama. Mpira unapita mbele yake, amesimama! Kipa gani huyo? Nasikia jana asubuhi alionekana Makurunge."

"Nilipeleka abiria, mzee," kipa akasema.

"Abiria. Siku ya mechi. Makurunge."

Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, lakini lilishakaa pale katikati ya mkeka. Kuuza mechi. Kwa mtu wa kuja, anayeishi kwa pikipiki na kwa watu kumwamini, neno hilo likimganda imekwisha, arudi kwao Ubena. Mzee akanyoosha mkono kuelekea kikombe cha kipa.

Nilikuwa nimeshasimama. Pasi yangu ya mkaa ilikuwa mkononi na sijui nilitaka kuifanyia nini. Kipa alikuwa anaweza kujitetea kwa sentensi moja tu: nilisimama kwa sababu mpira ule ulikuwa wa nahodha, na nahodha hajawahi kuukosa. Hakuisema. Alimtazama mume wangu mara moja, akarudisha macho kwenye vidole vyake. Nikajua naye anajua. Anakula kwangu kila siku, ameona. Na mimi nikifungua mdomo kumwokoa yeye, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya watu wake. Nilisimama na pasi yangu kama mjinga, na nilijichukia.

"Mzee, subiri," mume wangu akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kona ya mkeka tangu asubuhi. Akatazama ule mkeka kwa muda.

"Kikombe changu mmekiweka uongo. Sikuwa hapo."

"Nahodha, ni makadirio tu," mwalimu akasema haraka.

"Mwalimu, chukua kipande cha kashata. Simama pale kwenye ngazi, unirushie. Kwa juu, uje kushotoni kwangu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Mwalimu akasimama na shati lake la kanisani, akarusha. Kashata ikapanda, ikashuka taratibu kabisa, mtoto wa miaka mitano angeidaka. Mkono wa mume wangu ukafumba hewa. Kashata ikampiga begani, ikaanguka.

"Tena."

Mwalimu akaokota kipande, akakishika tu.

"Tena, mwalimu."

Akarusha tena. Safari hii mkono ulifumba mapema zaidi, kashata ikapita mbele ya vidole ikaangukia mchangani. Kicheko kilikuwa kimeshakwisha. Mume wangu akashusha mkono.

"Jicho hili halioni," akasema. "Karibu mwaka. Mpira ukija juu sijui uko mbali au karibu, naruka kwa kukisia. Huyu kijana jana alisimama kwa sababu aliniamini. Niliona aibu kusema, nikaacha mtu asingiziwe barazani kwangu. Mnisamehe. Na wewe nisamehe."

Hilo la mwisho alimwambia kipa. Kisha akainama, mkono wake ukatafuta kidogo, ukakosa, ukapata, akakifunika kikombe cha namba tano yeye mwenyewe.

Mimi huku ndani nililia. Sitaficha. Nilikaa kwenye kiti changu cha cherehani nikalia mpaka pasi ikaanza kuunguza meza, alama yake ipo mpaka leo. Halafu nikasikia kipa anasema, "Kaka, mimi sina neno na wewe." Mzee fundi baiskeli akashuka ngazi, akaokota ile kashata mchangani, akaipuliza, akaitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu na meno yake machache.

"Mimi mdomo wangu huu," akamwambia kipa, "kuna siku nitauziba kwa gundi ya matairi. Nipe mkono."

Wakapeana mikono. Mwalimu akaanza kusema habari za daktari wa macho, kwamba mama yake mdogo alikuwa na mtoto wa jicho akafanyiwa upasuaji na sasa anachagua mchele bila miwani. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimshika mume wangu bega. Hawakumaliza kahawa. Nilivikusanya vikombe mwenyewe, na kile kilichofunikwa nilikiacha cha mwisho.

Alasiri ile, baada ya kuswali, aliingia ndani na jezi yake imekunjwa vizuri. Akaiweka juu ya cherehani.

"Yule beki mwembamba wa akiba ndiye ataivaa," akasema. "Ipunguze kiunoni."

Nikasema haya. Nikanyoosha mkono kuchukua sindano yenye uzi mweupe, lakini yeye alitangulia kukishika kile kimto. Akakipapasa taratibu, sindano moja baada ya nyingine, kila moja na uzi wake unaning'inia.

"Unajua, kila siku nilikuwa nazigusa hizi," akasema. "Ukienda jikoni nazigusa. Naona zote zimeshatungwa. Nasema, aha, amejua. Nikangoja uniseme. Wewe unayenisema hata nikikohoa vibaya."

"Nilikuwa nangoja wewe," nikamwambia.

"Basi tumengojana."

Tulicheka, kicheko kile chenye machozi ndani yake. Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali, wala asinitafutie kisingizio cha mlango wa mteja. Akasema sawa. Hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikonitia hofu kidogo, maana mume wangu ni mbishi.

Halafu akachomoa uzi kwenye sindano moja, akanipa sindano. "Nishikie."

Nikaishika kwa mikono miwili nikiwa nimeielekeza dirishani kwenye mwanga. Akalamba ncha ya uzi kama zamani, akafumba jicho, safari hii lile bovu, akaja nao. Akakosa. Akaja tena, akakosa. Mara ya tatu uzi ulipita pembeni ukanigusa kidole. Alikuwa ameubana mdomo vilevile anavyoubana akiruka na adui kwenye kona. Mara ya nne, ulipokaribia, uzi ukaingia.

Akauvuta uzi kidogo.

"Umesogeza sindano," akasema.

"Sijasogeza."

"Umesogeza, mama."

Nikamwangalia, na lile jicho lake jeupe, na ile jezi juu ya cherehani.

"Nimesogeza," nikasema.

Akauchomoa uzi, akaulamba tena ncha.

"Basi sogeza tena."