Wadudu wa Ndoo ya Dija

Kwingine mto hupimwa kwa chupa na mashine. Nje ya Vigwaza, kijito kinachomwaga maji yake Ruvu hupimwa kwa visigino vya Somoe, mwanamke wa Bagamoyo aliyehamia huku kumfuata kaka yake. Hukunja gauni, huingia majini, hukita wavu upande maji yanakokwenda, kisha huchokoa changarawe kwa miguu. Kinachotibuka huingia wavuni. Akishamimina kwenye sinia jeupe, hutazama nani yumo. Wadudu wenye mikia mitatu hawavumilii uchafu. Wakiwepo, kijito ni kizima. Ikibaki minyoo myekundu peke yake, maji yameharibika.

Mara mbili mfululizo alikuta minyoo tu. Ofisi ya maji ilishasema: ikifika mara ya tatu, bustani za ukingoni, ambazo dawa zake hutiririkia kijitoni, zinafungwa. Kubwa kuliko zote ni ya nyanya, ya kaka yake huyo, Bwanausi. Tangu hapo Bwanausi haitikii shikamoo yake. Anayemsemea ni mkewe, Dija, na Dija hana uhaba wa maneno.

Siku ya kipimo cha tatu aliwakuta wote wawili ukingoni wakimsubiri.

"Karibu, wifi," Dija alisema. "Wenzio huvua kambare. Wewe na elimu yako unavua chawa."

Somoe alichokoa, akamimina. Sinia lilijaa wenye mikia mitatu, hawapungui arubaini. Alijiona amekaa tena jamvini kwa kaka yake, anakula. Kisha akawagusa kwa kidole. Hakuna aliyetikisika.

"Si hao!" Dija alipiga kigelegele. "Waandike!"

"Wamekufa, wifi."

"Kwani walizaliwa wafu? Andika!"

Nyuma ya Dija palikuwa na ndoo ya bluu, bado inachuruzika. Somoe akaelewa. Walikwenda juu kwenye mawe, kabla ya bustani, wakakusanya wadudu wazima, wakaja kuwamwaga hapa muda mfupi kabla hajafika. Ila waliwabeba kwa ndoo ileile wanayochanganyia dawa ya kuulia wadudu wa nyanya. Harufu ilimfikia pale pale majini.

"Mmewaua wenyewe njiani," alisema.

Bwanausi alifungua kinywa, mara ya kwanza baada ya miezi miwili. "Acha ujuaji. Wanangu wanakula kwa nyanya zile. Ukiandika sivyo, mimi sina dada."

"Na huko chini, wanaochota maji haya?"

"Wanywe soda," Dija alidakia.

Somoe alichomoa kalamu. Kwenye mstari wa wenye mikia mitatu aliandika sifuri, na pembeni: wameletwa kwa ndoo, wamekufa kwa dawa. Bwanausi alisogea mpaka kivuli chake kikafunika sinia.

"Kuanzia leo huna kaka, Somoe."

"Sawa. Sogea basi, unaniziba mwanga. Sijamaliza kuhesabu minyoo."