Matairi Laini ya Kasmir

Mwalimu Evodia wa Kizwite alikuwa na jambo moja la kujivunia mbele ya wanawake wa jumuiya, nalo halikuwa nyumba wala mtoto. Lilikuwa ni uendeshaji wa mumewe. "Baba Calvin anaendesha kama kabeba mayai," angesema, kila wenzake walipoanza kuwalalamikia waume wanaokimbiza pikipiki. Na ilikuwa kweli. Kwa miaka ishirini na sita Kasmir alimbeba mkewe katika Starlet ileile nyeupe, kutoka nyumbani hadi kanisani, kutoka kanisani hadi shule ya Kasense alikofundisha, na mshale wa spidi haukuvuka hamsini. Bajaji ziliwapita. Siku moja hata trekta liliwapita, na dereva wake akawapungia mkono.

Evodia alikuwa na sababu. Kaka yake, Urbano, alikufa kwenye lori lililopinduka mteremkoni kuelekea ziwani, Evodia akiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza kupanda gari na Kasmir alimwambia, "Ukikimbiza, nashuka natembea." Kasmir akacheka, akainua mguu. Tangu hapo hakukimbiza, na Evodia akaamini kwamba amepata mume mpole hata wa miguu. Alishika kishikio cha juu ya mlango hata hivyo, safari zote, kwa mazoea tu.

Kasmir alikuwa bwana shamba. Alipostaafu alibaki na shamba lake la ulezi huko Kate, na kila Jumamosi alikwenda kuliangalia peke yake, mkewe akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mwezi wa tatu mwaka huu presha ilimwangusha kwenye kiti cha sebuleni akivua viatu. Kimoja kilikuwa bado mguuni.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Hivyo ndivyo misiba ilivyo, na asiyejua atajua zamu yake ikifika. Calvin alirudi kazini kwake Mtwara, na simu yake huja Jumapili baada ya misa. Siku nyingine sita ni za Evodia mwenyewe. Alisonga ugali wa watu wawili hadi mwezi wa tano, kwa sababu mkono ulikuwa haujui kipimo kingine. Na kila jioni, kabla baridi haijakaza, alikwenda uani, akafunua turubai, akaingia kwenye Starlet, akakaa kiti cha kushoto na kufunga mlango. Hakufanya kitu humo. Alikaa robo saa hivi, akarudi ndani.

Ndipo Lazaro, mdogo wa marehemu, alipoanza kuja na hesabu zake. Si mtu mbaya Lazaro, ila ni wa wale wanaoona kila kitu kilichosimama ni hasara.

"Shemeji, gari la rimu kumi na tatu siku hizi ni mzigo," alisema. "Angalia, matairi vipara. Mapya ya saizi hiyo huyapati mji huu. Jumamosi naleta mteja, tuliuze lingali linawaka."

"Nikipata matairi?"

"Ukipata, sitasema neno. Lakini hupati."

Basi Evodia alikuwa na siku nne. Leseni alikuwa nayo. Kasmir mwenyewe alimfundisha, na Evodia aliendesha kama alivyoendeshwa. Alichokuwa hajui ni matairi. Duka la kwanza walimwambia rimu kumi na tatu wameacha kuleta. La pili walitaka abadilishe rimu zote aweke kumi na nne za kung'aa, eti gari litapendeza. La tatu walimtolea mtumba mweusi ti, umepakwa dawa hadi unateleza mkononi, na muuzaji akausifu mpaka mate yakamkauka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, Evodia akaaga.

Siku ya Alhamisi alifika kwa Flavian, fundi matairi aliyewahi kukaa dawati la mbele katika darasa lake la tatu B. Sasa alikuwa na kitambi na watoto wanne.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Flavian. Nataka matairi manne ya gari hili. Ya bei ninayoiweza, na ya kudumu."

Flavian hakumcheka. Alimletea matairi mawili, akayalaza chini.

"Hili la kwanza ni rahisi, jembamba, gumu. Hili litakuzika, mwalimu, samahani, namaanisha litadumu sana. Lakini ikinyesha, kwenye lami, ukikanyaga breki linateleza kama sabuni. Hili la pili limezidi upana kidogo na mpira wake ni laini. Bonyeza kwa ukucha. Umeona? Linashika barabara. Bei imepanda kidogo, si sana, na litaisha mapema. Gari lako ni jepesi, halihitaji rimu kubwa wala mbwembwe. Likipata mpira laini tu, linatulia."

Kisha akamwonyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Evodia, aliyezoea kusahihisha madaftari, alizisoma zote nane bila miwani. Yote mawili yalikuwa mapya.

"Nipe lile gumu," alisema. "Marehemu alikuwa anaendesha polepole mno. Nami ni hivyohivyo."

"Nani alikuwa anaendesha polepole?"

"Kasmir."

Flavian aliangua kicheko. Kisha akauona uso wa mwalimu wake, akakikata, akasimama wima, mikono nyuma, kama zamani.

"Sema," Evodia alisema.

"Hapana, mwalimu, si kitu."

"Flavian!"

Ile sauti haistaafu. Flavian akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele, akauchukua mkono wa Evodia na kuupitisha juu ya tairi. Upande wa ndani mifereji ilikuwepo. Bega la nje lilikuwa laini kama ubao wa darasani.

"Upepo ukiwa mdogo, tairi linaisha mabega yote mawili. Hili limeisha la nje tu, na mwenzake wa kulia vilevile. Gari halivuti upande, nimeliangalia mwenyewe. Hizi ni kona, mwalimu. Mtu anaingia kona bila kupunguza, kulia na kushoto, mwaka mzima. Haya matairi nilimtafutia mimi. Alinisumbua miezi miwili, anataka rimu kumi na tatu, laini, ya kushika kona. Nikamwambia, mzee, yataisha upesi. Akasema yaishe."

"Kona zipi?"

"Njia ya Kate, ile kona ndefu ya mikaratusi. Madereva wa njia ile walimwita Mzee Kona." Akaongeza haraka, kwa kutetea, "Lakini alikuwa anajua, mwalimu. Hakuwahi kumgusa hata kuku."

Evodia alikaa kwenye rundo la matairi chakavu bila kukaribishwa. Aliona wivu, na aliona aibu kwa kuona wivu juu ya kona ya barabara. Mafundi walijua. Madereva walijua. Yeye, aliyelala kitanda kimoja naye, ndiye aliyekuwa akitangaza habari za mayai kwenye jumuiya, na Kasmir akiwa hapohapo, akitabasamu kwenye kikombe chake cha chai.

Kisha akakumbuka. Mwaka mmoja, wakitoka harusini Kate, barabara tupu, Kasmir alimgeukia na kusema, "Mama Calvin, leo nikuonyeshe kitu kidogo?" Mbele yao kulikuwa na mikaratusi. Evodia akakaza mkono kwenye kishikio. "Kitu gani?" Kasmir aliutazama ule mkono. "Basi, hakuna," akasema.

"Mwalimu?" Flavian aliita. "Nifunge yale magumu?"

"Funga laini."

Jumamosi Lazaro alikuja na mteja wake, akakuta Starlet imesimama juu ya matairi mapya. Alilizunguka, akapiga teke moja kwa heshima. "Umeyapata wapi, shemeji?" aliuliza. Kwa kuwa ni mtu wa neno lake, alikunywa chai, akaondoka na mteja.

Flavian alikuwa amempa Evodia sharti. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, kwa hiyo kilometa mia za kwanza aende taratibu mpaka mpira uamke. Evodia alilifuata sharti hilo kama dozi. Kila siku baada ya chakula alikwenda Kasense na kurudi, akazunguka mjini, akaenda tena. Hakuwa na mzigo wala abiria wala shughuli. Wanawake wa jumuiya walimwona akipita mara ya tatu wakaulizana kama mwalimu yuko sawa. Hakuwa sawa. Alikuwa mpweke kiasi cha kuzihesabu kilometa kama watu wanavyohesabu wageni, na zilipotimia mia alikaribia kuhuzunika.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kwaya. Alishika njia ya Kate, upepo mkavu wa Juni ukiinamisha nyasi, ulezi umeshavunwa pande zote. Mikaratusi ilipotokea alisimama kwanza pembeni. Barabara ilionekana yote, mwanzo hadi mwisho, na haikuwa na kiumbe. Alisali. Akatia gia, akakanyaga.

Hamsini. Sitini. Mwili wake wote ulisema shuka, tembea. Sabini, na kona ikamfungukia, gari likalala kidogo upande mmoja, na chini yake matairi manne madogo yakaishika lami yasiiachie. Kicheko kilimtoka, kikubwa, cha kisichana, kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu mwezi wa tatu. Aligeuka kushoto kukigawa.

Kiti kilikuwa kitupu. Juu yake kilining'inia kile kishikio. Kutoka kiti cha kushoto hakuwahi kukiona, alikishika tu, na kila alipoendesha mwenyewe macho yake hayakutoka barabarani. Kutoka huku kwa dereva kilionekana vizuri: ngozi yake imebanduka, plastiki imelika, na alama za vidole vinne zimeingia ndani. Kasmir aliendesha miaka ishirini na sita akiziona alama hizo.

Evodia alisimamisha gari, akazima injini, akalia mpaka vioo vikaingia ukungu. Kisha akaupenyeza mkono upande wa pili, akaweka vidole vyake katika zile alama.

"Haya, Baba Calvin," alisema. "Nionyeshe."

Alingoja. Mikaratusi ilivuma. Alipoona amengoja vya kutosha akawasha gari, akaligeuza, akairudia kona peke yake.