Kilatini Nilichokilimia

Nilisoma madarasa mawili, nikaacha. Nyumba ya bati niliyo nayo hapa Keza nimeijenga mwenyewe. Kilatini najua neno moja tu, lakini nalijua lote.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kila mtu alipimiwa sehemu yake kwenye shamba la pamoja. Jirani yangu alikuwa ametoka seminari, mikono laini, jembe linamtoa malengelenge. Padre mzee wa parokia alikuwa anatafuta mtu wa kumpeleka chuo cha makatekista. Hakujali vyeti. Alitaka mtu anayeweza kushika kitu kigumu, na kwake kitu kigumu kilikuwa Kilatini. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

"Nilimie sehemu yangu," jirani akaniambia, "nami nikufundishe."

Nikalima yake na yangu msimu mzima. Yeye amekaa kwenye tuta anataja, mimi naitikia kwa jembe. Dignus, mwanamume anayestahili. Digna, mwanamke. Dignum, kitu. Wakiwa wengi: digni, dignae, digna. Sikuona ugumu. Hata Kihangaza chetu hakisemi "nzuri" ya mtu sawa na ya kitu.

"Ungeanza mapema, bwana, ungekuwa askofu," akanitania.

"Na wewe ungeanza mapema ungejua kulima."

Siku ya kuulizwa nilisimama mbele ya padre nikayataja yote bila kukwama. Padre akacheka kwa furaha. Kisha akamgeukia jirani, maana ndiye aliyenileta.

"Unaonaje, tumpeleke?"

Jirani akainamisha kichwa kwa adabu. "Padre, huyu ndiye nguvu ya kijiji. Analima sehemu za watu wawili. Ukimwondoa, mwenyekiti atakuja kulalamika kwako."

Padre akanishika bega, akanisifu kwa kazi. Jembe nililomlimia ndilo alilonifungia mlango. Aliyekwenda chuo ni yeye.

Vita vya Kagera vilipokuja, nilikwenda na mgambo. Yeye ndiye aliyetuombea tukipanda lori. Nilirudi. Mpaka leo akikutana nami huuliza kwa uchangamfu, "Habari za shamba?" Namjibu nzuri.

Lakini Jumapili padre asipofika, yeye ndiye huongoza ibada. Kabla ya komunyo huwaambia watu wakiri kwamba hawastahili, na kanisa zima huitikia. Mke wangu hunigusa kiwiko niitikie.

Nafunga mdomo.