Chumba Kisicho na Panya

Mtaani walimwita Paka, na mwenyewe aliitika. Aliajiriwa na manispaa kutega panya wa vichakani, wale wanaohama kutoka majani ya kando ya mfereji na kuweka makao kwenye kuta za watu. "Shikamoo Paka!" watoto walimtania. "Marahaba, mikia yenu nimeiona!" alijibu. Alikuwa mtu wa maneno, hanuni hata umtanie mbele ya bosi wake.

Bintiye wa pekee aliposema anakuja kujifungulia kwao, mimba ya kwanza, Paka hakutulia. Chumba kilichokuwapo kilikuwa stoo tu, ukuta wa udongo umejaa nyufa, na panya wanapishana humo kama waliolipa kodi. Akajifungia na mitego na sumu kutwa nzima. Akawatoa wote, wazima na wafu, akaziba matundu, akafagia.

Kitu kimoja hakukifanya. Kazini utaratibu ni mmoja: puliza kwanza dawa ya wadudu, ndipo utege, maana panya akifa, papasi waliokuwa wakimnyonya hawafi naye. Hubaki kwenye nyufa na njaa yao, na atakayelala hapo ndiye chakula. Paka aliyajua hayo vizuri sana. Lakini dawa ile inakaba kifua, na binti alikuwa mjamzito.

"Nimpulizie mwanangu sumu?" alimwambia mkewe. "Hapana. Panya wametoka, yamekwisha."

Binti akaja, akalala humo. Masikini, hata mwezi hakuumaliza! Homa ilimpanda, meno yakagongana, kichwa kikawa kinampasuka. Wakamkimbiza zahanati, na daktari akauliza kama nyumbani kuna panya.

"Panya? Kwangu mimi?" Paka aliangua kicheko. "Daktari, waulize mtaani! Hata wa dawa humpati."

Daktari naye akacheka, akaandika dawa za malaria. Homa ikashuka, wakashukuru Mungu, binti akaanza hata kufua vitambaa vya mtoto. Kumbe homa ile hushuka yenyewe ili irudi. Iliporudi ilimwangusha mlangoni, wakampeleka hospitali. Huko mama wa maabara aliitazama damu yake kwa muda mrefu, kisha akasema ni homa ya papasi. Sindano zikamwokoa binti. Mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa.

Paka aliposikia neno papasi, aliketi sakafuni pale pale. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Walimpa pole kama babu yeyote aliyepoteza mjukuu, na mkewe akamshika bega, akamwambia, "Jikaze, mume wangu."

Mkewe alipotoka kwenda kutafuta uji, Paka akabaki na binti wodini. Akamweleza yote, dawa aliyoacha kupuliza na jibu alilompa daktari. Hakujitetea. Alilia mbele ya wagonjwa wengine bila kujificha uso.

Binti alimsikiliza, mikono juu ya tumbo lililolegea. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka, gauni limelowa kifuani.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Bado, mwanangu."

"Usimwambie, baba." Akageukia ukutani. "Asije akakuchukia na yeye."