Irmgard Pawlak na Maduka ya Terhorst

Irmgard Pawlak aliajiriwa na Bi Klara Terhorst mwaka 1949, katika duka lake la Gelsenkirchen, mji wa Kijerumani wa makaa ya mawe, karibu na lango la mgodi. Kazi yake ilikuwa kupima sukari nyuma ya kaunta na kusikiliza. Wake za wachimba makaa walinunua robo ya siagi, wakasimulia ya nyumbani mpaka foleni ikaguna.

Bi Klara alipofariki, mwanawe Ewald aling'oa kaunta. Bidhaa zikabaki ndani ya maboksi yaliyokatwa mdomo, mteja ajichukulie mwenyewe. Vibandiko vya bei havikuwepo; keshia alitakiwa kuzijua zote kwa kichwa. Irmgard, sasa keshia, alizikariri akimenya viazi, zaidi ya mia mbili, mpaka vidole vikawa vinatangulia macho kwenye mashine ya kuhesabia pesa.

Mwanzoni watu waliona haya kuingia. "Duka la mafukara hilo," walisema. Lakini siagi ilikuwa rahisi, na haya haipakwi kwenye mkate. Duka likawa mawili, yakawa tisa, yakafika arobaini.

Asubuhi moja Bi Nowicki, mjane wa mchimbaji aliyefia mgodini, alisimama mbele ya mashine.

"Wewe Irmgard, siku hizi huniulizi kifua changu."

"Kinaendeleaje, mama?"

"Ah, wacha. Hawa nyuma yangu wanahema kama farasi."

Maneno yale yalimkaa rohoni. Ewald alipokuja kukagua, Irmgard akamwambia, "Bosi, tuwekee hata benchi moja, wazee wazungumze."

"Leo benchi, kesho watataka kahawa! Gumzo nalo lina gharama, Irmgard, na bei ikipanda, mlipaji ni mteja mwenye watoto sita."

"Mama yako angeliweka."

"Mama alikufa na duka moja." Ewald akatazama chini, kama aliyejisikia mwenyewe akisema.

Benchi halikuwekwa. Wala Irmgard hakuweza kumwita mwongo, maana aliwaona watoto wa mtaani kwake wakienda shule na mkate wenye siagi nene, kitu ambacho yeye utotoni alikiona Krismasi tu.

Ila tangu wiki ile, kila Jumapili alioka keki akaipeleka kwa Bi Nowicki. Wakaanza wawili, majirani wakaongezeka, viti vikawa vinaazimwa ghorofa ya chini.

Ewald alipompa umeneja wa duka jipya la Bochum, mji wa jirani, Irmgard alikataa; hakutaka kuziacha Jumapili za kwa Bi Nowicki. Bosi alinuna mwezi mzima.